Nyayo Mia Moja na Arobaini

4 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Sasa hivi mwanangu amevaa kifuniko cha sufuria kichwani, akasimama katikati ya chumba akanitazama kama askari anayesubiri saluti. Nikampigia. Akacheka mpaka kifuniko kikaanguka, kikabingirika chini ya kitanda, naye akakifuata kwa magoti. Alipotoka huko hakuwa na kifuniko. Alikuwa anaburuta mfuko wangu wa viatu vya kurukia.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua umenikasirikia. Miaka miwili sijakuletea hata mstari mmoja, mimi ambaye ulinilazimisha kila Jumapili nikuandikie ripoti ya mazoezi, eti simu inapoteza maneno, karatasi inayatunza. Wenzangu wakienda kutembea, mimi nimeinama naandika “Jumanne nimeruka mara kumi na mbili, goti la kushoto linauma kidogo,” nawe unairudisha imejaa wino mwekundu utadhani kuku amechinjiwa juu yake.

Nimehamia mji huu mtoto akiwa wa miezi mitatu. Kisha baba yake akahamishwa kikazi, akatuacha hapa. Mwanzoni simu zake zilikuwa ndefu, zikawa fupi, kisha zikaisha. Simsemi zaidi ya hapo. Nafanya kazi ya dobi kwenye hoteli, napiga pasi mashuka. Tuko wanawake tisa chumba kimoja, lakini mashine zinavyonguruma tunaongea kwa nyusi tu. Nikitoka nampitia mtoto kwa jirani wa chumba cha pili, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, tunaingia kwetu, tunafunga mlango, basi. Kuna siku nagundua sauti yangu kutwa nzima nimeitumia kusema “njoo” na “acha”.

Mwalimu, nataka kuruka tena. Mchujo wa timu ya taifa ni tarehe ishirini na moja Juni, na wanataka mita kumi na tatu na nusu. Rekodi ya miruko mitatu bado ni yangu, kumi na tatu sabini na moja, hakuna aliyeigusa. Lakini nina miaka ishirini na sita. Nisipopita safari hii nitaviuza viatu na sitajiita mrukaji tena. Nifundishe kwa barua kama zamani.

Mtoto wako,
Panzi

*

15 Machi

Panzi,

Marahaba. Sikukukasirikia, nilikununia. Kukasirika ni kwa saa, kununa ni kwa miaka, na miaka yenyewe imeisha barua yako ilipoingia humu ndani. Hongera ya mtoto. Ungesema mapema ningemtafutia kofia, akaacha kuvaa vyombo.

Sasa nisikilize. Mwili uliozaa haukuvunjika, ila usiuburute. Wiki nne za kwanza panda ngazi, na uruke kwa mguu mmoja kwenye nyasi. Shimo la mchanga usilisogelee. Kumbuka mgawanyo wako: mruko wa kwanza unatua kwa mguu uleule ulioondokea, wa pili unatua kwa mguu mwingine, wa tatu unaingia mchangani kwa yote miwili. Wajinga wanamaliza nguvu kwenye wa kwanza. Wewe nilikuchagua kwa ajili ya wa pili. Siku ile ukiwa darasa la sita kandambili yako ilikatika, ukaishika mkononi, ukauvuka mtaro wa shule kwa mguu mmoja, ukatua, ukainuka tena kama vile ardhi inaunguza. Nikamwambia mkuu wa shule, huyo panzi ni wangu.

Alama ya kuanzia mbio ni ileile. Nyayo zako mia moja na arobaini kutoka kwenye ubao wa kurukia, kisigino kwa kidole, ukiwa umevaa viatu. Usiniletee habari za tepu za kuazima, hujui nani ameivuta na nani ameikata. Hatukuwa na tepu tulipochukua ubingwa wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Mguu wako haujawahi kunidanganya.

Swali moja. Nani anakutazama ubaoni? Mrukaji wa peke yake ni kama mtu anayejinyoa kisogo. Kama hakuna mtu, acha mara moja. Sitaki kusikia umevunjika mguu na hakuna wa kukuokota.

Mimi mzima. Jana nimewakimbiza vijana uwanjani mpaka wakanitukana moyoni.

Mwalimu

*

8 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Ngazi nimepanda. Hoteli ina ghorofa saba, na mashuka hayajipandishi yenyewe, kwa hiyo nimeacha kutumia lifti. Msimamizi wetu tunamwita Bi Mvuke. Juzi alinishika kwenye ghorofa ya tano natweta na furushi kichwani, akaniuliza, “Wewe dada, lifti imekukosea nini?” Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema, “Mazoezi ya kufa?”

Usiwe na wasiwasi, yupo mtu wa kunitazama. Kuna klabu ndogo kwenye uwanja wa chuo, na kocha wake ni mpole, anavaa kofia ya kijani. Alfajiri kabla ya kazi nakwenda, naye anasimama pale pale kwenye ubao.

Viatu vyangu vya zamani vimesinyaa kwa kukaa mfukoni, vinanibana vidole mpaka machozi. Nimepata vingine vya mtumba, namba thelathini na tisa, vinanikaa kama nilizaliwa navyo.

Halafu Mwalimu, mwandiko wako siku hizi! Zamani ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Leo herufi zimelala vizuri utadhani barua ya benki. Na kalamu nyekundu umeitupa? Barua yangu hukuirudisha. Nilizoea kukusoma pembeni ya maneno yangu.

Mtoto ana meno sita. Anakusalimia, maana yake amenipiga na kijiko nilipokutaja.

Panzi

*

19 Aprili

Panzi,

Mwandiko: nimepata kalamu nzuri. Wino mwekundu umeadimika. Usinichunguze.

Msalimie kocha mwenzangu wa kofia ya kijani, nimelala usingizi baada ya kumsikia. Sasa ingia mchangani. Majaribio sita kila zoezi, mara tatu kwa wiki, si zaidi. Kila mruko upimwe, na uniandikie vyote, vibaya kwanza.

Mpige mtoto busu, si kijiko.

Mwalimu

*

12 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Umesema vibaya kwanza. Basi vyote ni vya kwanza.

Kumi na mbili arobaini. Kumi na mbili hamsini na tano. Kumi na mbili thelathini na nane. Jana, nikiwa nimelala vizuri na mtoto hakuniamsha, kumi na mbili sitini na moja. Hiyo niliruka nikiwa na miaka kumi na saba.

Mbio ninazo, nazisikia masikioni. Lakini nikikaribia ubao nakuwa mbali nao. Hatua mbili za mwisho inabidi nijinyooshe kama mtu anayevuka dimbwi na nguo mpya, na nikishajinyoosha kila kitu kinakufa. Mruko wa kwanza unatua mzito, goti linakunjika, ule wa pili ulionichagulia haupo kabisa. Alama nimeipima mara tatu, nyayo mia moja na arobaini, sikuruka hata moja. Kwa hiyo si alama. Ni mimi.

Jana baada ya jaribio la mwisho nilibaki nimekaa mchangani. Jua lilikuwa linatoka. Nikasema kwa sauti, “Inuka, wewe.” Nikashtuka kuisikia.

Kocha wa kofia ya kijani anasema labda ni uzazi. Anasema kuna wanawake miguu huondoka na mtoto, hairudi. Wewe unasemaje? Zimebaki wiki sita.

Panzi

*

23 Mei

Panzi,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mtu anayejinyoosha ubaoni ni mtu ambaye mwili wake umeanza kuogopa. Nimeliona hilo kwa wengi, na sijaona dawa yake. Kama kocha anayekuona kwa macho amesema ni uzazi, mimi wa kwenye karatasi nitampinga kwa lipi?

Ubingwa mara tatu si mdogo. Rekodi ni yako. Sitaki waliokuona ukiruka waje wakuone ukianguka. Usiende kwenye mchujo. Viuze viatu, mlee mtoto. Mimi nitabaki kuwa mwalimu wako.

Mwalimu

Mwanangu, maneno yake yameishia hapo juu. Haya ni yangu mimi, mke wake. Amesinzia, hajui kama naongeza. Huo mwandiko uliousifia ni wangu. Mwalimu alipatwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia wote hauna nguvu. Yeye anasema, mimi naandika. Vijana aliokuambia anawakimbiza ni kuku wangu, anawatishia kwa mkongojo akiwa kwenye kiti, nao hawamwogopi. Alinikataza nisikuambie. Alisema, “Panzi akijua atakaa chini anililie, na mimi nataka aruke.”

Alipomaliza kusema uuze viatu aligeukia ukutani. Chakula hajakigusa.

Sasa nisikilize mimi ambaye hata kamba sijui kuruka. Umeona wapi kiatu kikasinyaa ndani ya mfuko? Mimi niliolewa navaa thelathini na saba. Nilipomzaa wa kwanza, thelathini na nane. Kufika wa tatu, arobaini, na viatu vyangu vya harusi akavimaliza mdogo wangu. Mguu wa mzazi hukua, mwanangu, na haurudi. Wanaume hawalijui hili kwa sababu hawaulizi. Wewe unapima njia kwa mguu wako. Mguu ukiongezeka, hizo nyayo mia moja na arobaini si zile tena, umejirudisha nyuma, ndiyo maana ubao unaukuta mbali. Nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini. Kijiti cha kupimia kikibadilika, nguo haiingii hata mkato uwe mzuri vipi.

Na huyo kocha wa kofia ya kijani, mwulize alikuwa anatazama nini.

Mama

*

31 Mei

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama,

Nimechukua kiatu cha zamani na hiki kipya nikavisimamisha mezani, kisigino kwa kisigino, vikiegemea ukuta. Kipya kimezidi kidogo tu, nusu ya upana wa kidole changu kidogo. Nikacheka, nikasema Mama naye. Halafu nikakaa na penseli ya kuwekea alama mashuka, nikazidisha hicho kidogo mara mia moja na arobaini. Nilirudia kwa sababu shule niliiacha mapema, sijiamini. Karibu mita nzima, Mama. Nimekuwa naanzia mita nzima nyuma, nafika ubaoni nauomba unisubiri.

Nilikuwa na raha ya dakika tano. Kisha nikakumbuka nina deni la ukweli.

Hakuna klabu. Hakuna kocha. Kofia ya kijani ni ya mlinzi wa uwanja wa chuo, na yeye mwenyewe hunipa mgongo akisikiliza redio. Ile habari ya miguu kuondoka na mtoto hakuisema mtu, niliisema mimi, nikaona ikitoka kwenye mdomo wa kocha itakuwa nyepesi kuandika. Naruka peke yangu, napima peke yangu, nafukia mchanga peke yangu. Mwalimu, ulisema kama hakuna mtu niache mara moja. Ningeacha mazoezi, barua nazo zingekoma, na ninyi ndio watu pekee mnaonijibu.

Kuhusu kiharusi sitasema sana. Umesema nitakaa chini nilie. Nimelia nikiwa nimesimama, napiga pasi, mvuke ukanificha. Nimemaliza, nimenawa uso.

Lakini bado umeniambia nisiende, na sijawahi kwenda shindano ulilonikataza. Kama ni kukubali nakubali. Ila liseme tena ukiwa unajua haya yote. Niende au nisiende?

Panzi

*

9 Juni

Panzi

Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Kuku amerudi.

Miaka thelathini na moja nimepima upepo, mchanga, goti, usingizi, hata hasira za watoto wa watu. Mguu niliupima siku moja nikaufanya msahafu. Mke wangu ananicheka tangu Jumatatu. Mwache, ana haki yake.

Nyayo 136 na nusu. Zijaribu mara mbili, kisha uzisogeze mwenyewe. Mimi sikuoni.

Mlinzi umwombe aweke redio chini dakika kumi atazame ubao. Mwombe kwa adabu. Mtu anayekaa peke yake kutwa huwa anasubiri kuombwa kitu. Nalijua hilo sasa.

Ulinidanganya nami nilikudanganya. Tumetoka sare.

Yale ya kuuza viatu aliyasema mtu aliyekaa kwenye kiti. Usimsikilize.

Nenda.

Barua hii imenichukua siku mbili.

Mwalimu

*

21 Juni

Mwalimu, Mama, shikamooni,

Naandika nimekaa chini kando ya njia ya kukimbilia, nyuma ya karatasi yenye majina ya warukaji. Jana sikuandika, nilikuwa safarini. Mtoto nimemwacha kwa jirani. Hakulia nilipoondoka, nililia mimi, jirani akasema, “Nenda, unamharibia siku.” Ni maneno mengi kuliko aliyoniambia mwezi mzima.

Tuko kumi na moja. Wenzangu ni watoto, mmoja ameniita shangazi wakati tunapasha misuli, tena kwa heshima. Kila mmoja ana mtu kwenye uzio. Akishatua anakimbilia pale kuambiwa nyanyua goti, usiangalie chini. Mimi nikitua nakimbilia mfuko wangu, natoa kalamu.

Jaribio la kwanza, kumi na tatu sifuri mbili. La pili, kibendera chekundu, nimekanyaga nje ya ubao. Nilikuwa nimeukaribia kupita kiasi! Nilitaka kumkumbatia yule mzee wa kibendera. La tatu, kumi na tatu thelathini na moja, nikaingia kwenye nane bora. Hapo nikasogeza alama nusu unyayo nyuma, kwa akili yangu. Mlinzi alikuwa ameniambia wiki iliyopita, “Dada, mimi sijui michezo, ila ukianzia pale kwenye nyufa unapaa, ukianzia hapa unatembea.” Siku hizi redio anaizima kabisa.

La nne. Nilikimbia na ubao ukaja wenyewe chini ya mguu. Mruko wa kwanza nikaufupisha kama ulivyonifundisha. Wa pili ulikuwepo, Mwalimu. Ulikuwepo! Sikuwa nimeusikia kwa miaka miwili na nusu, nikautambua kama sauti ya mtu wa nyumbani. Wa tatu sikumbuki. Nilipofumbua macho nina mchanga mdomoni na kibendera ni cheupe. Kumi na tatu hamsini na nne.

Nimefuzu. Niko kwenye timu.

Niligeuka nimtafute wa kumwambia. Kwenye uzio walikuwepo wengi, hakuna wangu. Aliyekuwa karibu ni mtu wa reki anayesawazisha mchanga, nikamwambia yeye, “Baba, nimefuzu.” Akasema, “Hongera, mama. Sasa toka mchangani nifanye kazi.” Nikatoka, nikaja hapa kuwaambia ninyi. Mtalipata hili baada ya siku kumi na litakuwa limepoa. Haidhuru. Kwangu ni sasa.

La tano sikuliruka, niliwaambia wanipite niandike, afisa akanitazama kama kichaa. Limebaki la sita. Amekuja tena kuuliza kama nalo naliacha. Najua ungesema funga mfuko, tunza miguu, kazi imekwisha. Na kwa hesabu ya timu imekwisha kweli. Lakini tangu mtoto azaliwe sijafanya kitu hata kimoja bure. Nimepiga pasi tupate kula, nimekimbia nipate kufuzu, nimedanganya nipate kujibiwa. Huu mruko hauna wa kumpa. Hakuna anayeungoja, hata ninyi hamjui kama upo. Nimeutazama mchanga ulivyosawazishwa, hauna alama ya mtu, na kwa mara ya kwanza mji huu wala ule haunitishi, nataka tu niende nikaone mwenyewe kama

wananiita, namba kumi na saba ni mimi, Mama mwambie Mwalimu kwamba safari hii si kwa ajili ya